Elfu Kumi na Tano kwa Mwezi

Kompyuta ya mezani inayokula wati 60, ikiachwa imewaka usiku na mchana kwa siku 30, inamaliza uniti 43 za umeme na ushee. Kwa Tanzania Bara, mwenye mita ya kawaida hulipa shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi zikiwemo. Zidisha, unapata kama shilingi 15,400. Seva ya kupanga yenye RAM ya gigabaiti moja, kwa DigitalOcean, ni dola 6 kwa mwezi. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,600, ni shilingi 15,600. Hesabu hizi nilizipiga nyuma ya risiti ya saruji, kwenye kaunta ya binamu yangu Tanga. Alipoziona alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, kwa hiyo hii mashine ya bure uliyonipa…?"

Ndiyo, nilimpa mimi, tena kwa nia njema. Ilikuwa imekaa chini ya kitanda changu miaka mitatu, nikamwambia itamwokolea kodi ya seva. Habari ya umeme sikumwambia kwa sababu sikuwa nimeipigia hesabu. Na umeme haukuwa hata tatizo lake kubwa.

Binamu ana maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, mawili Tanga mjini na moja Korogwe. Mfumo wake wa mauzo na stoo hauhitaji kuingizwa kwenye kompyuta. Unaandika anwani kwenye Chrome au Firefox, ukurasa unafunguka, muuzaji anaandika mifuko kumi ya saruji, na Korogwe wanaona stoo ya Tanga imepungua. Ndani ya miaka miwili mfumo huo ulikuwa umeshahama mara moja, kutoka seva ya pamoja hadi kwenye ile mashine yangu, na sasa fundi alikuwa ameleta proforma ya kuupeleka kwenye wingu kwa dola 84 kwa mwezi. Hiyo ni laki mbili na elfu kumi na nane. Nilikwenda Tanga kuisoma proforma hiyo, na nilichokiona ni kwamba wengi wetu tunanunua seva kama tunavyonunua friji, kwa kuangalia ukubwa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: mfumo ukishafunguka kwenye kivinjari, unanyamaza au unaendelea kuzungumza na seva?

Chumba kimoja, mita moja

Seva ya pamoja ni kama nyumba ya wapangaji yenye mita moja ya LUKU. Kila mtu ana chumba na ufunguo wake, lakini jirani akiwasha pasi na jiko la umeme kwa wakati mmoja, mnakaa gizani nyote. Kampuni inaweka tovuti za wateja wengi kwenye mashine moja, na ndiyo maana bei ni ndogo. Binamu alikuwa analipa shilingi 120,000 kwa mwaka, na anwani za barua pepe zenye jina la duka zilikuwa humo humo. Si huduma mbaya. Kama unachotaka ni ukurasa wenye picha za bidhaa, bei, ramani na namba ya simu, kaa hapo hapo na mtu asikushawishi kuhama. Angalia tu bei ya mwaka wa pili, maana kampuni nyingi za nje hutangaza bei ya kulipia miaka mitatu kwa mkupuo, na ukija kuongeza muda unakuta imepanda mara mbili.

Tatizo la binamu lilikuwa la aina nyingine. Tovuti za zamani zilifanya kazi kama dirisha la posta: unauliza, karani anakujibu, unaondoka, anakuja mwingine. Apache, seva iliyoanza mwaka 1995, katika mpangilio wake wa asili humpa kila anayekuja karani wake, yaani mchakato mmoja kwa kila muunganisho. Karani huyo akiwa anaendesha PHP huweza kula megabaiti 40 za RAM. Makarani ishirini ni megabaiti 800. Hakuna ubaya, ilimradi kila mteja aulize na kuondoka.

Programu za leo haziondoki. Itifaki ya websoketi, iliyopitishwa rasmi mwaka 2011, huacha laini wazi kati ya kivinjari na seva kama simu isiyokatwa, ili seva iweze kusema "stoo imepungua" bila kuulizwa. Binamu ana vifaa 14: simu za wauzaji, tableti ya stoo, kompyuta mpakato ya nyumbani kwake. Kila kimoja kinashika laini asubuhi na kuiachia jioni. Kwenye seva ya pamoja kampuni kwa kawaida huua mchakato wowote unaokaa muda mrefu, na haina kosa, kwa sababu ndivyo inavyowalinda wapangaji wengine. Basi fundi akatafuta njia ya kukwepa. Aliandika mfumo ili kila kifaa kiulize seva kila baada ya sekunde tano: kuna jipya?

Hebu tuhesabu. Vifaa 14, kila kimoja mara 12 kwa dakika, ni maswali 168. Kwa siku ya kazi ya saa kumi ni maswali 100,800, na karibu yote jibu lake ni "hakuna". Jumamosi moja asubuhi kampuni ikafunga akaunti kwa matumizi yaliyopita kiasi. Kabla mtu hajagundua, mifuko arobaini ile ile ya saruji ilikuwa imeuzwa mara mbili, mmoja ameiuza Tanga na mwenzake Korogwe.

Kinachouma ni kwamba tatizo hili lilishapatiwa dawa zamani. Mwaka 1999 mhandisi Dan Kegel aliandika kuhusu jinsi mashine moja ingeweza kuhudumia miunganisho elfu kumi kwa pamoja, na mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev akatoa nginx, seva inayofanya kazi kama mama ntilie mmoja mwenye meza ishirini. Hasimami mezani kwako mpaka umalize kula. Anapita, anayeita anasikilizwa, anayetafuna anaachwa atafune. Node.js, iliyotoka mwaka 2009, inafuata utaratibu huo huo. Kwa mpangilio huo, laini 14 zilizo wazi ni kama hakuna kitu. Mashine ndogo kabisa inazibeba huku ikisinzia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa popote, muulize muuzaji mambo haya kwa maneno haya haya: naweza kuacha programu yangu inaendesha muda wote? Websoketi zinapita? Nikizidisha, mnanipunguzia kasi au mnanifungia? Akianza kukutajia gigabaiti za diski badala ya kujibu, umeshajibiwa.

Mashine ya chini ya kaunta

Baada ya ile Jumamosi ndipo nilipojitokeza na kompyuta yangu. Tuliiweka duka la Tanga, tukaipa anwani ya ndani, zile zinazoanza na 192.168. Dukani mfumo ulifunguka haraka ajabu. Kisha muuzaji akabonyeza kitufe cha kusoma msimbo pau kwa kamera ya simu, kamera ikagoma.

Nilimlaumu fundi, kwa sababu nyumbani kwangu, juu ya mashine hiyo hiyo, kamera ilifanya kazi. Kosa lilikuwa langu. Vivinjari vya leo huweka kando uwezo wao mwingi kwa ajili ya kurasa zilizofunguliwa kwa HTTPS, yaani njia salama yenye cheti, peke yake: kamera, kipaza sauti, mahali ulipo (Chrome ilifunga hilo mwaka 2016), na kile kijiprogramu kinachobaki kwenye kivinjari ili mfumo ufunguke hata mtandao ukikatika. Msamaha upo kwa kompyuta inayojifungulia ukurasa wake yenyewe, ndiyo maana kwangu ilikubali. Simu ya muuzaji iliyokuwa inafungua anwani ya 192.168 bila cheti haikuwa na msamaha wowote. Dawa ipo: unatumia jina la kikoa chako halisi, unathibitisha umiliki kupitia rekodi za kikoa, na cheti kinapatikana hata kwa mashine isiyoonekana nje. Lakini mpaka ufike hapo, "bure" imeshaanza kula siku za fundi.

Korogwe nako hawakuweza kuingia. Kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje ya kutumia pamoja, hivyo kutoka nje hakuna mlango wa kubisha hodi. Unaweza kuomba anwani ya kudumu, na utailipia kila mwezi. Ongeza betri ya kuhifadhi umeme, ambayo ile ya bei ya kawaida inakupa dakika chache tu za kuzima mashine kwa heshima. LUKU ya Tanga ikiisha usiku, Korogwe wanafungua duka asubuhi na mfumo umelala.

Kwa biashara iliyo ndani ya jengo moja nisingeikataa njia hii, ila nisingetumia kompyuta ya zamani. Raspberry Pi ikila wati 6 inamaliza umeme wa shilingi 1,500 na kitu kwa mwezi. Pi 5 ya gigabaiti 4 ilizinduliwa mwaka 2023 kwa dola 60, kabla ya kasha, chaja, diski na ushuru. Mgahawa ambao jiko na kaunta viko kwenye Wi-Fi moja utafaidika nayo sana. Nunua diski ya SSD. Kadi ndogo za kumbukumbu hufa mapema zikiandikwa hifadhidata mchana kutwa.

Nyumba nzima, lakini tupu

Seva pepe, hii wanayoiita VPS, ni kupanga nyumba nzima yenye mita yako. Dola 4 zinakupa RAM ya megabaiti 512, dola 6 gigabaiti moja pamoja na data ya gigabaiti 1,000 kwa mwezi, dola 12 gigabaiti mbili. Hizo ni bei za DigitalOcean. Hetzner ya Ujerumani imezoeleka kuwa chini ya hapo kwa mashine zake za Ulaya. Ndani ya gigabaiti moja unaweza kubana nginx, programu yenyewe na hifadhidata ya PostgreSQL, na vikatosha. Hata hivyo nilimshauri binamu achukue ya gigabaiti mbili. RAM ikijaa, Linux humtafuta mlaji mkubwa na kumuua, na mara nyingi mlaji huyo ni hifadhidata. Dola 6 za ziada ni nafuu kuliko simu ya saa nane usiku.

Bekapu ya kila wiki ni asilimia 20 juu ya bei. Dola 12 inakuwa 14.40, yaani shilingi 37,440. Usiikate hiyo. Nimeona watu wakibana dola mbili na kupoteza madeni ya wateja ya mwaka mzima.

Ila nyumba hii inakabidhiwa tupu, na hapa ndipo gharama halisi inapojificha, kwa hiyo nitakaa kidogo. nginx ukiiweka bila kuigusa ina mazoea yake, na mazoea hayo yaliwekwa kwa ajili ya tovuti za kawaida. Ukiwasha ufinyazaji wa gzip bila kuiambia aina za faili, inafinyaza kurasa za HTML peke yake. Yale mafaili mazito ya JavaScript, ambayo ndiyo mfumo wenyewe, yanakwenda mazima mazima. Faili la megabaiti 1.5 ambalo lingesafiri likiwa na robo au theluthi ya uzito linamfikia muuzaji wa Korogwe lote, kwa bando lake. Mteja akipandisha picha ya zaidi ya megabaiti moja, inakataliwa, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha mwanzo, na simu yoyote ya leo inapiga picha kubwa kuliko hiyo. Laini ya websoketi inayopitia nginx ikikaa kimya sekunde 60 inakatwa, hivyo saa sita mchana wateja wakipungua, vifaa vinaanza kukatika na kuungana, kukatika na kuungana. Na kuna ile kasoro inayowachanganya wengi: mfumo unafunguka vizuri, unakwenda ukurasa wa stoo, unabonyeza kitufe cha kufungua upya, unaambiwa ukurasa haupo. Haupo kweli. Ukurasa huo ulikuwa unachorwa na kivinjari chenyewe, kwenye diski ya seva hakuna faili la jina hilo, na seva lazima iambiwe kwamba isichokitambua ikirudishie ukurasa wa mwanzo.

Kila kimoja kati ya hivyo ni mstari mmoja au miwili ya mpangilio. Fundi anayeijua kazi anavimaliza kabla chai haijapoa. Asiyejua atakuambia seva ni ndogo, nunua kubwa. Ukitaka kumpima fundi kabla ya kumpa kazi, muulize kuhusu zile sekunde 60.

Halafu kuna mazoea ya kutunza mafaili. Programu za leo hutoa mafaili yenye majina yanayobadilika kila toleo jipya, na seva ikiagiza vizuri, kivinjari kitayatunza mwaka mzima bila kuyaomba tena. Ukurasa wa mwanzo peke yake ndio unaoulizwa kila mara. Bila agizo hilo unatumia bando bure. Na agizo hilo likiwekwa hadi kwenye ukurasa wa mwanzo, wauzaji watabaki na toleo la mwezi uliopita huku ukiapa kwamba umesharekebisha.

Malipo ya fundi tulikubaliana shilingi 50,000 kwa mwezi: masasisho ya usalama, kuangalia bekapu kama zinarudishika, kupokea simu. Jumla inafika kama elfu 87 na mia nne. Ona kwamba zaidi ya nusu ya fedha hizo ni za mtu. Kila tangazo la seva ya dola 6 linamwacha nje mtu huyu, na ukiwa wewe mwenyewe ndiye fundi, usijidanganye kwamba saa zako ni za bure.

Ile proforma

Turudi kwenye dola 84. Ilikuwa na mashine mbili, kifaa cha kugawa mzigo kati yao, hifadhidata inayotunzwa na kampuni yenyewe, na cheti cha usalama. Ni mpangilio mzuri kabisa kwa duka la mtandaoni linalopata wateja elfu kadhaa kwa saa. Kwa vifaa 14 ni kukodi basi la abiria 60 kumpeleka mtoto shule.

Cheti nilikifuta kwanza. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bila malipo tangu mwaka 2015, na kivinjari hakibagui kati ya cheti hicho na cha kununua. Kinadumu siku 90, hivyo lazima seva ijiongezee yenyewe. Seva ya Caddy inafanya hivyo bila kuambiwa, nginx kwa kawaida hutumia programu ndogo ya pembeni. Barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha zilisitishwa mwaka 2025, kwa hiyo usizisubiri. Anayekuuzia cheti cha mwaka mmoja naye anakaribia mwisho wa biashara: kwa uamuzi uliopitishwa Aprili 2025 na watoaji vyeti pamoja na watengeneza vivinjari, muda wa juu wa cheti unashuka hadi siku 200 Machi 2026, siku 100 Machi 2027, na siku 47 Machi 2029. Kufanya kazi hiyo kwa mkono hakutawezekana tena.

Hifadhidata inayotunzwa ndiyo iliyonifanya nisite. Inaanzia kama dola 15 kwa mwezi, na ukiipata unalala usingizi, maana bekapu na masasisho si kazi yako tena. Ningekuwa na duka la dawa au SACCOS ningeilipia bila kuuliza. Kwa saruji na misumari, pamoja na fundi aliyekwishakubali kuangalia bekapu, tuliiacha.

Kwenye mawingu makubwa angalia vitu vidogo visivyo kwenye tangazo. AWS tangu Februari 2024 inatoza nusu senti kwa saa kwa kila anwani ya IPv4, yaani dola 3.60 kwa siku 30, hata kama mashine yenyewe ni ndogo. Data inayotoka ni bure kwa gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi. Baada ya hapo, kutoka kituo chao cha Cape Town, ni zaidi ya senti 15 kwa gigabaiti. Kama wateja 400 kwa siku wanafungua orodha yako ya bidhaa na kila mmoja anapakua megabaiti 2, ni gigabaiti 24 kwa mwezi, hulipi kitu. Ukiacha picha kama zilivyotoka kwenye simu na ukurasa ukafika megabaiti 20, ni gigabaiti 240, na ile 140 iliyozidi inakugharimu zaidi ya dola 21. Mteja naye amelipa kwa bando lake. Kupunguza picha ni kazi ya alasiri moja. VAT ya asilimia 18 iweke pembeni ukilinganisha bei, kwa sababu matangazo mengi ya nje hayaitaji.

Za bure? Heroku ilifuta mpango wake wa bure Novemba 2022. Render bado inao, ila mfumo usipoguswa kwa dakika 15 unalala, na kuuamsha kunachukua kama dakika nzima. Kwa kujaribia ni safi. Kwa kaunta yenye mteja amesimama na fedha mkononi, dakika nzima ni aibu.

Umbali

Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, ndege ikinyoosha, ni karibu kilometa 7,000; kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama kebo ingenyooka, nayo hainyooki. Nilipopima kutoka dukani Tanga nilipata 160 hivi. Peke yake ni kidogo. Lakini ukurasa haufunguki kwa safari moja. Kwa TLS 1.2, toleo la zamani la utaratibu unaolinda HTTPS, kivinjari kinafanya safari tatu za kusalimiana na kuhakikishana kabla ya kuomba kitu cha kwanza. Ya nne ndiyo ya kuomba. Hiyo ni milisekunde 640. TLS 1.3, ya mwaka 2018, inapunguza safari moja, na HTTP/3, iliyopitishwa Juni 2022, inapunguza nyingine: 320 badala ya 640, seva ile ile, kebo ile ile, bila shilingi kuongezeka. HTTP/1.1 nayo hufungua milango sita tu kwa mara moja, hivyo mafaili 60 yanapanga foleni mara kumi. HTTP/2 ya mwaka 2015 huyapitisha pamoja. Mtu akikuuzia seva "ya kasi", muulize hizi zimewashwa.

Dawa nyingine ya umbali ni kugawa mzigo. Mafaili ya mfumo yasiyobadilika yanaweza kukaa kwenye mpango wa bure wa Cloudflare, ambao wana mitambo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na maombi ya stoo na mauzo peke yake yakavuka bahari. AWS iko Cape Town tangu 2020, Microsoft Johannesburg tangu 2019, Google nao wamefika huko Januari 2024. Ni karibu kuliko Ulaya, ila bei zao mara nyingi ziko juu ya zile za Ulaya.

Na seva za hapa hapa nchini? Nilizoulizia zilikuwa ghali mara mbili hadi tatu kwa RAM ile ile. Zina mambo mawili ya kuzitetea. La kwanza unalipa kwa simu, kwa shilingi, bila kadi. Kadi ikigoma tarehe ya malipo, seva ya nje inasimamishwa na hakuna ofisi ya kwenda kugonga meza. La pili tulilishuhudia tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania ikawa kati ya walioumia zaidi. Trafiki ya ndani inayobadilishana kwenye kituo cha TIX, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2004, haihitaji kuvuka bahari. Ukiwa na wateja wa Tanzania tu na huwezi kusimama hata saa moja, lipa hiyo tofauti. Walio na taarifa nyeti za watu waangalie pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Kenya wana yao ya mwaka 2019.

Binamu hakulipa tofauti hiyo. Fedha tuliyookoa alimpa fundi afanye jambo moja tulilopaswa kulifanya mwanzo: mauzo yaandikwe kwanza ndani ya kivinjari chenyewe, kisha yapelekwe kwenye seva mtandao ukipatikana. HTTPS ikiwepo, kivinjari kinaruhusu. Sasa Korogwe wakikatika wanaendelea kuuza, risiti zinatoka, na mtandao ukirudi hesabu zinakutana. Zikigongana, mfumo unamwita binamu aamue. Kuna mgongano mmoja wa mabati tangu mwezi uliopita ambao hajauamua.

Kompyuta yangu nimerudi nayo. Kilichobaki ni kikoa. Tulipotaka kukielekeza kwenye seva mpya tuligundua kwamba kimesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi wa kwanza kabisa, aliyehamia Mwanza. Gharama yake kwa mwaka haifiki hata bei ya mifuko michache ya saruji, lakini jina la duka, vipeperushi vyote na kibao cha barabarani vinategemea hicho. Muda wake unaisha Novemba. Fundi tumempigia mara nne. Mara ya mwisho alisema yuko kwenye daladala, atatupigia akishuka.